CZ 550 au Winchester Model 70: triga ipi ya kuiamini porini?

Mwana Rungwa
Wakuu, habari za jioni. Kuna bunduki mbili za bolti zinauzwa hapa Arusha, CZ 550 na Winchester Model 70, bei hazipishani sana. Triga ya CZ ukiisukuma mbele inakuwa nyepesi mno, ukiigusa tu imefyatua. Ya Winchester nzito kidogo, ila inaachia bila kusota, yaani haiburuti kidogo kidogo kabla ya kufyatua. Nichukue ipi? Mwenye Winchester anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Kongoni Dume
Kaliba gani? Unawinda nini? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Mwana Rungwa
Samahani mkuu. Zote .375 H&H. Najifunza kazi ya mwindaji bingwa, kwa hiyo nyati wamo.

Kongoni Dume
Chukua CZ. Ile ya kusukuma mbele ni ya pofu, yule swala mkubwa, aliyesimama mbali nawe umeegemea mti. Kwa nyati usiiguse kabisa, vuta kama triga ya kawaida.

Elki wa Tampere
Mimi niko Finland, natumia Tikka T3x. Ufunguo mdogo tu, uzito wa triga unauweka popote kati ya kilo moja na mbili. Kwa nini asitafute hiyo?

Kongoni Dume
Kaka, ameshasema .375 na nyati. Hiyo yako ni ya elki, yule kulungu mkubwa wa huko kwenu.

Mzee wa Kilombero
Kijana, kabla ya kuchagua nisikilize. Miaka mingi iliyopita nilimpa fundi bunduki yangu ailegeze triga. Akapiga tupa, akanirudishia laini kama siagi, nikafurahi. Asubuhi ya tatu porini naingiza risasi, nikaifunga bolti kwa nguvu kama kawaida yangu, ikalipuka yenyewe. Kidole changu kilikuwa nje ya triga. Mtutu ulikuwa umeelekea chini, risasi ikaingia ardhini hatua mbili mbele ya mfuata nyayo wangu. Udongo ulimrukia hadi magotini. Hakusema neno, aliinama akajipapasa miguu yote miwili, kisha akaketi. Yule ana watoto. Sijampa fundi tupa tangu siku hiyo.

Fundi Chuma
Shikamoo mzee. Pale fundi wako alikula ule ukingo wa triga unaoshikilia pini inayogonga risasi. Ukibaki mwembamba, mtikisiko wa bolti tu unauachia. Watu wanachanganya mambo: uzito unatokana na springi, kusota kunatokana na ukingo. Ukitaka nyepesi, gusa springi, ukingo uache. Na ukimaliza, bunduki ikiwa tupu, ifunge bolti kwa nguvu mara kumi, gonga kitako kwenye mpira, weka sefti (kizuizi cha usalama) uvute triga, uiachie, kisha toa sefti. Pini ikianguka hata mara moja, haiendi porini.

Mwana Rungwa, hiyo Model 70 ni ya mwaka gani? Za zamani triga yake iko wazi, vipande vichache, vumbi unalipuliza linatoka. Kuanzia 2008 walibadilisha, ya sasa imefungiwa ndani ya kijumba.

Mzee wa Kilombero
Marahaba. Kwa vumbi la Septemba, mimi iliyo wazi.

Kongoni Dume
Mzee, kwa heshima, CZ yangu haijawahi kukwama kwa vumbi.

Nyayo Mbichi
Hakikisha pia hiyo ni CZ kweli, siyo BRNO ZKK 602 ya zamani. Zile sefti yake ni kinyume: mbele ni salama, nyuma ni tayari. Mtu aliyezoea nyingine atavuta triga nyati yuko hatua kumi na hakuna kitu.

Kongoni Dume
Ukiizoea hiyo hiyo moja, shida iko wapi?

Nyayo Mbichi
Shida ni siku unapoazimwa ya mwenzio.

Mwana Rungwa
Asanteni wote. Nimempigia mwenye Winchester, mwaka haujui, aliinunua kwa mtu. Naenda kesho na tochi niangalie chini ya kitako. Fundi, nikiona springi imezungushiwa nati, ndiyo ile ya zamani?

Fundi Chuma
Piga picha uiweke hapa. Skrubu yoyote usiiguse.