"You are coming from where?" Kizungu hiki kibovu au kizima?

Baba Rukia, Majengo
Asalaam aleikum jamaa. Binti yangu juzi alikwenda kuhojiwa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni. Akaambiwa ajifanye amempokea mgeni. Akasema, "Welcome madam, you are coming from where?" Yule bwana akamkata palepale: hicho ni Kiswahili kilichovaa suti, Mzungu husema "Where are you coming from?" Kazi akakosa. Mimi nimebeba Wazungu kwa tuktuk miaka tele, na nawasikia wakisema vivyo hivyo. Sasa hilo ni kosa la kumnyima mtu riziki?

Mwalimu wa Tudor
Pole kwa binti, lakini kosa ni kosa. Sisi neno la kuulizia tunaliacha palepale litakapokaa jibu: unatoka *wapi*, natoka *Voi*. Kizungu hulichukua kikalipeleka mbele, na "are" nayo ikamruka "you". Nimelifundisha miaka 26.

Nahodha Kibokoni
Maalim, na mawakili je? Nenda kortini: "And you were standing where?" Mwambie Mwingereza umekula papa mbichi, usikie: "You ate what?" Wenyewe hao, hawakufunzwa na mtu.

Mwalimu wa Tudor
Ya papa ni mshangao, sauti yapanda neno la mwisho. Ya wakili ni kumbana shahidi. Mgeni ametoka uwanja wa ndege na mizigo yake, wambana ya nini?

Mama Sauda
Mie nilipikia wageni Nyali. Bibi mmoja wa Kiingereza kila asubuhi: "It's lovely, your chapati." Mwaona? "Ni tamu, chapati yako." Kiswahili kitupu! Na mumewe: "Your chapati, it's lovely." Kichwa mbele, kichwa nyuma, wao sawa tu. Sauda wangu aliandika hivyo kwenye insha akarudi na wino mwekundu karatasi nzima.

Mwalimu wa Tudor
Insha na mazungumzo ni vitu viwili, mama.

Mama Sauda
Basi huyo wa hoteli alikuwa amhoji kwa insha?

Kijana wa Changamwe
Tusemeni ukweli. Kwetu bara watoto wanasukumwa wasome, ndiyo Kizungu chao kimenyooka. Pwani mkishiba pilau mwalala, kisha mwalia kazi zimechukuliwa na wageni.

Nahodha Kibokoni
Weye! Ndio nyinyi mnaosimama Likoni, "I want to know where is the ferry"! "Where the ferry is", bwana mkubwa. Swali likiwa ndani ya sentensi nyingine halirukishwi tena. Kimenyooka wapi?

Kijana wa Changamwe
Waairishi husema "He asked me did I want tea", na ni lugha ya mama zao. Mwambie Muairishi alale baada ya pilau.

Nahodha Kibokoni
Muairishi hajaniambia "kitabu yangu". Weye waniambia kila siku.

Kijana wa Changamwe
Nahodha, hicho Kiswahili unachojivunia si cha kwenu. Sanifu ni cha Unguja. Mombasa mlishindwa 1930.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale
1928, mwanangu. Na mkutano wa kuchagua Kiswahili sanifu ulikuwa hapahapa Mombasa, ndio uchungu wenyewe. Wamisheni wa CMS, wale wa kanisa la Kiingereza, waliokuwa kwetu walikitetea Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, Kiunguja kikapita. 1930 ndipo ilipoundwa ile kamati ya lugha. Tangu hapo mtoto wetu akiandika "ndia" na "nti" aambiwa hajui Kiswahili, aandike "njia" na "nchi". Mwaka huo hakuna aliyekuwa amelala kwa pilau.

Nahodha Kibokoni
Allah akuweke, Bi Mkubwa. Mwambie!

Kijana wa Changamwe
Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesahihishwa mwaka. La pilau bado nalisimamia.

Mwalimu wa Tudor
Jamani, mada ilikuwa mpangilio wa maneno. Kiswahili kina nafasi ya kucheza: "kitabu nimekisoma", "nimekisoma kitabu", ile "ki" yashika kila kitu. Kizungu cha kale nacho kilikuwa na viambishi mwisho wa majina, vikaisha, ndiyo sasa mpangilio wabeba mzigo wote. "The dog bit Ali", geuza uone nani kaumwa.

Nahodha Kibokoni
Ali wa Changamwe angemuuma mbwa kweli.

Kijana wa Changamwe
Matusi sasa. Admin yuko wapi?

Mama Sauda
"Admin is where?" 😂

Baba Rukia, Majengo
Nyinyi mwacheka na mimi sijajibiwa. Kosa la kunyimwa kazi au si kosa?

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale
Mwanangu Baba Rukia, mgeni mwenyewe angeelewa na angejibu. Aliyekwazika ni mhojaji, naye ni mtu wa hapahapa kama sisi. Lakini na hiyo "ndia", Kijana, hujanijibu.

Kijana wa Changamwe
Bi Mkubwa, "ndia" hata Kibokoni vijana hawaisemi tena. Muulize Nahodha anaposhuka matatu huuliza nini.

Nahodha Kibokoni
Nasema "ndia".

Mama Sauda
Nahodha, jana Marikiti ulisema "nipisheni njia". Nilikuwa nyuma yako na kapu.

Nahodha Kibokoni
Nilikuwa nasema na watu wa bara.