Ngoma kwenye nyimbo za Noeli: iingie kanisani au ibaki uwanjani?

MLETA MADA: Wana Bagamoyo, habari zenu. Baada ya mazoezi ya kwaya, mzee mmoja ninayemheshimu sana alituambia kwamba mkesha wa Noeli mwaka huu ni kinanda tu. Ngoma na kayamba vibaki nyumbani, maana Noeli ina asili yake. Nilinyamaza, lakini sikukubali.

Asili ipi? Stille Nacht, huo tunaouimba "Usiku mtakatifu" mishumaa ikiwa mkononi, uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria. Maneno ni ya padri Joseph Mohr, muziki ni wa mwalimu Franz Xaver Gruber, na kilichopigwa usiku ule ni gitaa. Waingereza nao huziita nyimbo hizi carol, na neno hilo kwa Kifaransa cha kale lilikuwa ngoma: watu wameshikana mikono, wanazunguka duara wakiimba. Leo tunaambiwa ngoma ni ngeni kwa Noeli!

MCHANGIAJI WA KWANZA: Ndugu yangu, mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa 1868. Bibi zetu walizipokea nyimbo hizi hivyo zilivyo, wakazipenda, wakatuimbia tukiwa mgongoni. Ni zetu. Halafu mdundiko ni ngoma ya kumtoa mwali. Ukiupiga kanisani, Mzaramo yeyote atamwona mwali, hataliona hori la ng'ombe.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi ni Muislamu, ya kanisani siyajui. Ila Krismasi mlango wa jirani yangu haufungwi, na Idi yeye hula kwangu. Pilau ni lile lile.

MLETA MADA: Dada, asante, umegusa penyewe. Jina pilau limetoka kwa Waajemi. Karafuu asili yake visiwa vya Maluku, mdalasini Sri Lanka. Lakini njoo uani kwetu tarehe 24 jioni: mama anakaanga vitunguu mpaka viwe kahawia, si vyeusi, anatwanga bizari nyembamba na iliki kwenye kinu kidogo cha mbao, mchele ukikaribia kukauka anapalia makaa juu ya kifuniko. Harufu ile ndiyo Noeli yangu. Mama hakulikuta pilau limekatazwa kuguswa. Kila mkono uliolipika umeongeza lake.

Ndugu yangu, kwa mdundiko umenishika. Mdundo wa mwali tuuache kwa mwali, nakubali kabisa. Lakini hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ya Desemba 1963, inataka muziki wa jadi wa watu wa nchi za misioni uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Kwa hiyo sitaki kinanda kiondoke. Naomba wimbo mmoja tu, baada ya komunyo, ngoma moja na kayamba mbili, maneno mapya ya kwetu. Mazoezi yajayo nitakwenda kwa mzee mapema, kabla wenzetu hawajafika, nimpigie asikie.