MREJESHO: Maili za safari ya Guangzhou zimeingia

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini safari yangu ya Dar–Addis Ababa–Guangzhou, kwenda na kurudi, haikuniingizia hata maili moja (zile pointi za shirika la ndege ambazo baadaye zinalipia nauli) wakati mimi ni mwanachama wa mpango wao wa maili.

Zimeingia jana usiku, zote! Aliyeniambia nilinganishe majina, Mungu ambariki sana. Wakala aliandika majina mawili kwenye tiketi, akaunti yangu ina matatu kama pasipoti, na namba ya uanachama hakuiweka kabisa. Nikatuma picha za bodingi pasi zote nne (wino ulishafifia, moja nilitoka nayo juani ndipo ikasomeka) pamoja na namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13. Kudai kuna ukomo wa muda, kwa hiyo msitupe vile vikaratasi.

Nikijumlisha na maili za miaka miwili ya kufuata mzigo, zinatosha kumpeleka mama Umra. Nauli inalipwa na maili, kodi na ada za uwanja natoa mfukoni. Ramadhani viti vya maili vilishaisha, nimechukua mwezi mwingine. Mama bado sijamwambia.

Asanteni mno.