Binti yangu na fidla

Mama Kisauni: Jamani, binti yangu wa miaka 12 anapiga fidla aliyoachiwa na babu yake wa taarabu. Sasa anataka kuzunguka dunia kama Nicola Benedetti, yule mpiga fidla wa Scotland. Nimwache?

Mzee wa Likoni: Mwache, mwanangu. Lakini Benedetti alianza na miaka 4! Mwaka 2004, akiwa na 16, akashinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi. Fidla anayopiga ni Stradivarius, kazi ya fundi Stradivari wa Italia, ya mwaka 1717.

Mama Kisauni: Yetu imeachia gundi, kaskazi hii. Babake keshachukua gundi ya mbao.

Mzee wa Likoni: Mzuie! Hiyo ikishika haibanduki, siku ya kufunguliwa mbao zitapasuka. Fundi atumie gundi inayopikwa kwa ngozi ya wanyama, hiyo hubanduka bila kuumiza mbao.

Mama Kisauni: Ahsante, mzee. Nimeificha chupa.