Ushauri: Mdogo wangu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili), amepata kazi. Nimwambie tajiri wake?

Sakina_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alianza kuumwa akiwa chuo, akaacha masomo. Sasa ametulia, amepata kazi kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Nimwambie tajiri wake au ninyamaze? Usingizi siupati.

MtuWaKorogwe: Nyamaza. Wakijua, ataitwa chizi hata akidai mshahara. Mjomba wangu alipita Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili, kule wagonjwa wanalima na kufanya useremala. Alirudi anashika jembe kuliko sisi wazima. Kijijini hakuna aliyempa kibarua. Iliniuma sana.

Babu Kijiweni: Mwozesheni, atatulia 😂

Nesi Mstaafu: Sakina mwanangu, dawa anatumia? Kuchomelea ni moto na umeme.

Sakina_Mbagala: Anatumia.

Nesi Mstaafu: Ipi? Mara ya mwisho lini?

Sakina_Mbagala: Sindano ya mwezi. Alikuwa anasinzia kazini, mikono inatetemeka, tajiri akawa anamuuliza kama amelewa. Tukakubaliana asichome ya mwezi huu, na ya mwezi uliopita hakuchoma. Yuko vizuri, anaamka mwenyewe, anacheka! Msinihukumu, hamkumwona alivyokuwa anashinda ndani anatazama ukuta.

JichoKali: Chai hii. Juu "anatumia", chini "hakuchoma". Mods, futeni uzi.

Mama Tumaini: Mpeleke kwenye maombi.

Sakina_Mbagala: JichoKali, nitunge ugonjwa wa ndugu yangu ili nipate nini?

Nesi Mstaafu: Hata kama uzi umetungwa, wanausoma wenye ndugu kama huyu. Sindano hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana anaonekana mzima. Ugonjwa unaweza kurudi baada ya wiki au miezi. Kutetemeka na kusinzia daktari anavishughulikia, hupunguza dozi au hubadili dawa. Kazi asiache. Marekani tangu miaka ya 1990 wana utaratibu wa kumtafutia mgonjwa ajira ya kawaida mapema, msaidizi akiendelea kuwa naye, na wengi zaidi wamepata kazi kuliko waliotangulizwa mafunzo. Kuhusu tajiri, aamue kijana mwenyewe. Anaweza kusema tu kwamba dawa zake zinaleta usingizi, apewe kupaka rangi kwanza. Kliniki yake lini?

Sakina_Mbagala: Jumatano. Ila siku hiyo wanapeleka mageti Kigamboni, ameahidi atakuwepo.

Nesi Mstaafu: Aombe ruhusa ya asubuhi. Nenda naye, na hizo sindano mbili alizoruka uzitaje wewe kama yeye ataficha.

MtuWaKorogwe: Mimi bado nasema tajiri asijue.