MJADALA: Kikomo cha asilimia 1 kwenye redio za Australia kiondolewe au kibaki?

Mleta mada: Wakuu, tuwachukue Angus & Julia Stone, kaka na dada kutoka Sydney. 2010 albamu yao *Down the Way* ilikamata namba 1 kwenye chati ya Australia na kutwaa ARIA, tuzo kuu ya muziki ya huko, ya albamu ya mwaka, na "Big Jet Plane" ikaongoza Hottest 100, kura ya wasikilizaji ya kila mwaka ya redio ya vijana ya Triple J. Sasa tazama sheria ya hakimiliki ya 1968, kifungu cha 152: redio ya biashara hailipishwi zaidi ya asilimia 1 ya mapato yake ghafi kwa rekodi zote inazopiga mwaka mzima. Kwa ABC, shirika la utangazaji la umma lenye Triple J, kikomo ni nusu senti kwa kila mkazi wa nchi kwa mwaka. Kwa watu milioni 27 hivi, ni kama dola 135,000. Wagawane wasanii wote hizo! Kiondolewe.

Gitaa Kavu: Mkuu, umeacha fungu zima nje. Wimbo mmoja una haki mbili. Mirabaha (malipo ya kazi kutumika) ya utunzi inakusanywa na chama cha APRA AMCOS, ya rekodi na chama kingine, PPCA. Kikomo kinabana rekodi tu. Hawa ndugu wanajitungia, kwa hiyo redio ikiwapiga wanapata upande wa utunzi.

Mleta mada: Wao sawa. Na bendi ya watu watano ambayo mtunzi ni mmoja? Wanne waliobaki wanategemea PPCA, ambako msanii aliyejisajili anagawana nusu kwa nusu na lebo, yaani kampuni ya rekodi. Asiyejisajili hata hiyo nusu haimfikii moja kwa moja. Mpiga ngoma wa kukodi ndiyo kabisa, analipwa siku ya studio basi.

Mawimbi ya Kati: Redio za mikoani zitakufa mkikiondoa.

Gitaa Kavu: Hapo nakupinga, ingawa na mleta mada sijakubaliana. Asilimia inafuata mapato, mwenye kidogo analipa kidogo. Tena kufuta kikomo hakupandishi ada kesho yake asubuhi. Pande mbili zinajadiliana, zikishindwana zinakwenda kwenye Baraza la Hakimiliki linaloamua migogoro ya ada, nalo linaweza kupanga hata chini ya asilimia 1.

Kwangu tatizo ni nafasi hewani. Kanuni ambazo redio za biashara zimejiandikia zenyewe zinataka vituo vya roki na vibao vinavyovuma vipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 25, saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku, na robo ya huo uwe mpya. Yaani katika nyimbo 16, nne za Kiaustralia, mpya mmoja. Bendi changa ya foki (folk, muziki wa gitaa kavu) inagombea huo mmoja na kila aliyetoa kibao mwaka huu. Ongeza ada mara tatu, asiyepigwa bado anapata sifuri.

Mleta mada: Kwa hiyo anayepigwa aendelee kupunjwa kwa sababu mwenzake hapigwi?