Mjadala: Ya Likoni 1997 yasomwe hadharani au yaachwe?

Juzi barazani hapa Likoni, Mombasa, mzee mmoja alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na wengi wakaitikia. Mimi sikubaliani naye.

Usiku wa 13 Agosti 1997 vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakabeba bunduki, wakachoma moto. Kisha wakageukia vibanda na nyumba za watu wa bara. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Waliouawa wiki zile walipita 100, na maelfu wakahama. Waliokimbilia kanisa Katoliki walifuatwa huko huko.

Hiyo ndiyo nusu inayosemwa. Nusu ya pili ni msako uliofuata, vijana wa Kidigo wakazolewa kwa mamia na kuteswa. Kakangu alitolewa kitandani alfajiri. Hakuwahi kufika msitu wa Kaya Bombo, wavamizi walikolia kiapo, na hakuna aliyemuuliza. Alirudi siku ya tisa. Hadi leo kikombe cha chai hukishika kwa mkono wa kushoto.

Jirani yetu, fundi Mjaluo, aliondoka usiku na watoto watatu, cherehani akamwachia mama. Iko chini ya kitanda. Mama huifuta vumbi na kuitia mafuta, wala haruhusu mtu kuishonea. Wale watoto, popote walipo, wamekua na nusu yao, sisi na yetu.

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, ilisikiliza mashahidi. Ripoti ikakabidhiwa Rais Moi 1999, ikafungiwa hadi 2002. Ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ripoti yake ilitoka 21 Mei 2013, na makamishna watatu wa kigeni wakakataa kutia sahihi sura ya ardhi kwa kuwa ilibadilishwa kwa shinikizo. Sura ya ardhi, jamani, ndiyo hasa inayotuhusu sisi wa Pwani! Bunge halijaipitisha ripoti hiyo.

Ninachotaka ni ripoti hizo mbili zisomwe kwa Kiswahili, nusu zote mbili, mbele ya watu wa pande zote mbili.

Mkaazi wa Mtongwe:
Ndugu yangu, uchungu wako naujua, nami nililala msituni wakati wa ule msako. Lakini uchaguzi wa 2027 uko mlangoni. Ukitaja hapa majina yaliyo kwenye ripoti, watoto wa waliotajwa tunasali nao safu moja. Walio juu hawataguswa, atakayepigwa mawe ni jirani. Acheni.

Mzaliwa wa Likoni, sasa Kisumu:
Kibanda cha baba kiliungua usiku ule. Naunga mkono zisomwe, ila kusoma peke yake ni maneno. 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Baba alipiga picha za pasipoti, akajaza fomu mbili, akawa anauliza kila mwezi. Tumemzika akiuliza.

Mwanzishaji:
Wa Mtongwe, hofu yako si ya kubeza. Lakini majina hayo yamechapishwa tangu 2002. Asomaye Kiingereza kizito cha mahakama anayajua, asiyeyajua ni mamangu na wewe. Na safu hiyo moja tunasimama kila mtu akimshuku mwenzake, maana kila nyumba ina orodha yake ya kusikia. Hiyo ya kusikia ndiyo inayonitisha 2027. Anzeni na yaliyofanywa na waliovaa sare ikiwa majina ya majirani ni mazito. Lakini tuanze.

Wa Kisumu, pole kwa mzee. Fomu zake zitunze, na nakala uzitoe. Na kama baba aliwahi kumtaja fundi nguo aliyekuwa akifanya kazi barazani kwake, nyuma ya soko, tafadhali waulize wa huko. Mama anataka kujua cherehani aipeleke wapi.